Wenye bidhaa na mijadala ya intaneti: Namna ya kulisikiliza soko bila kujificha

Na Mwandishi Wetu, Kondoa

MAFUTA ya alizeti yanayokamuliwa wilayani Kondoa husafiri mbali bila jina. Hutiwa katika madumu au chupa zilizokwisha kutumika, hupakiwa katika magari yapitayo barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, na yafikapo Arusha au Dar es Salaam huuzwa kama mafuta ya alizeti tu, au pengine kwa jina la Singida ambalo mnunuzi wa mjini amekwisha kulizoea. Mkamuaji aliyebaki Kondoa haambiwi iwapo mpishi wa Sinza aliyapenda au aliapa kutoyanunua tena.

Kampuni kubwa hulitatua tatizo hilo kwa fedha: huajiri watafiti wa soko, hupitisha dodoso majumbani na kuwaita wateja kuonja bidhaa. Mwenye mashine moja ya kukamulia hana fungu hilo. Alichonacho ni simu ya mkononi, na ndani yake mna kumbi za majadiliano ambamo Watanzania wamekuwa wakibishana juu ya simu, benki, mbegu, dawa za mifugo na mafuta ya kupikia tangu katikati ya miaka ya 2000.

Ukumbi uliovuma kuliko yote nchini ulianza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, ukianzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi, na mwaka 2008 ukabadilisha jina na kuwa JamiiForums. Sifa yake ilitokana na siasa, hasa mijadala ya kashfa ya Richmond, lakini chini ya Jukwaa la Siasa kulikuwa na majukwaa mengine yaliyosomwa kwa utulivu zaidi, likiwamo la Kilimo, Ufugaji na Uvuvi na lile la Biashara, Uchumi na Ujasiriamali. Humo mtu alifungua uzi kwa swali moja, kwa mfano mashine ipi ya kukamulia inadumu, na wachangiaji wasiojuana, wakiitana "mkuu", wakalijibu kwa miezi au hata miaka. Wengi wao walitumia majina ya kubuni. Kwa mtafiti wa soko jambo hilo lina thamani, kwa kuwa mtu asiyetambulika hana sababu ya kumsifia muuza duka ili asimuudhi.

Utafiti wa namna hiyo una jina katika vyuo vikuu. Katika miaka ya 1990 msomi wa masoko kutoka Canada, Robert Kozinets, alichukua mbinu za wanaanthropolojia, wale wanaokwenda kuishi na jamii wanayoichunguza, akazihamishia katika intaneti na kuziita netnografia. Katika makala yake ya mwaka 2002 alichunguza kundi la majadiliano la wapenzi wa kahawa. Alikuta watu wanaokaanga buni wenyewe nyumbani, wanaopimana kwa ujuzi na wanaoizungumzia kahawa kwa lugha inayokaribia ya ibada. Hakuna dodoso ambalo lingefikiria kuuliza mambo hayo, kwa sababu dodoso huuliza tu kile ambacho mwandishi wake tayari anakishuku.

Mfano unaotajwa sana katika biashara ni wa kampuni ya Beiersdorf ya Ujerumani, yenye nembo ya Nivea. Ikishirikiana na washauri wa HYVE, ilipitia mijadala ya watumiaji wa vizuia jasho na kukuta kwamba kilichowakera watu ni madoa: ya njano katika nguo nyeupe, na meupe katika nguo nyeusi. Bidhaa iliyotokana na ugunduzi huo iliingia sokoni mwaka 2011 ikiwa imebeba katika jina lake rangi hizo mbili, nyeusi na nyeupe.

Kwa mkamuaji wa Kondoa kazi ni ileile, ingawa kwa kipimo kidogo. Tuseme anasoma nyuzi kadhaa kuhusu mafuta ya alizeti na kuona neno "povu" likijirudia: mpishi ametia mafuta kikaangoni, yakachemka kwa povu, naye akahitimisha kwamba yamechakachuliwa. Mkamuaji anajua kwamba hakuchanganya kitu. Huenda chanzo ni kwamba mafuta yasiyosafishwa hubaki na utomvu wa asili wa mbegu, ambao wataalamu huuita fosfolipidi, pamoja na unyevu kidogo. Vyote viwili husababisha povu. Utomvu hupunguzwa kwa kuyapasha mafuta moto, kuyachanganya na maji ya moto kidogo, kuyaacha yatulie, kuondoa mashapo, kisha kuyakausha na kuyachuja vizuri. Mteja ametoa lawama isiyo sahihi, lakini ameonyesha kasoro iliyo ya kweli. Kumjibu kwamba hajui mafuta halisi ni kuipoteza taarifa ambayo kampuni nyingine zingeilipia.

Msomaji makini hatazami malalamiko peke yake. Huangalia pia maneno ambayo wanunuzi huyatumia wao kwa wao, kwa kuwa ndiyo yanayofaa kuandikwa katika kibandiko cha chupa. Huangalia tarehe, maana uzi wa mwaka 2011 kuhusu bei hauna faida leo, ilhali uzi wa mwaka huohuo kuhusu harufu huenda bado unafaa. Huangalia pia kile kisichosemwa. Michoro ya miambani iliyoko Kolo na maeneo jirani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006 kwa jina la Kondoa, na kwa hiyo jina hilo linajulikana kwa watu wa mbali ambao hawajawahi kuonja chochote kilichotoka huko. Ikiwa katika mijadala ya vyakula hakuna anayelitaja, basi tatizo la kwanza la mkamuaji ni kutojulikana, wala si ubora wala bei.

Kumbi hizi hata hivyo si taifa zima. Wanaoandika ni wachache kuliko wanaosoma, na wanaosoma ni wachache kuliko wanaopika. Mama lishe anayetumia dumu zima kwa wiki huenda hana muda wala bando la kuchangia, wakati kijana asiyepika kabisa anaweza kuandika kurasa tatu. Mtu mmoja mwenye majina matano anaweza kuonekana umati. Kwa sababu hiyo, kinachopatikana katika mijadala ni maswali mazuri ya kwenda kuuliza sokoni Majengo, Dodoma, au Kariakoo. Idadi ya wateja haiwezi kupatikana humo.

Ugumu huanza pale mfanyabiashara anapotaka kuzungumza badala ya kusikiliza. Njia rahisi, na inayotumika mno, ni kujifanya mteja: kufungua jina la kubuni, kuuliza mafuta mazuri yanapatikana wapi, kisha kujijibu kwa jina jingine. Mwishoni mwa mwaka 2006 kampuni ya Sony ilijaribu jambo la aina hiyo nchini Marekani, kwa tovuti iliyodaiwa kuwa ya mashabiki waliotamani mashine ya michezo ya PSP kwa Krismasi. Wasomaji waligundua upesi kwamba tovuti hiyo ilisajiliwa na kampuni ya matangazo, na Sony ikalazimika kukiri. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2005, uliuweka mwenendo wa mfanyabiashara kujifanya mlaji miongoni mwa yaliyopigwa marufuku moja kwa moja.

Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayogusa ujumbe unaotumwa bila kuombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu zaidi yule anayekusanya namba za simu na majina kutoka katika mijadala ili awauzie watu bidhaa.

Kozinets alikwisha kuweka sharti kwamba mtafiti ajitambulishe, afiche majina ya waliozungumza hata kama ni ya kubuni, na aombe ruhusa kabla ya kunukuu maneno yao. Hapa nchini sharti hilo si adabu tu. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kushitakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya JamiiForums kukataa kulipa Jeshi la Polisi taarifa za wachangiaji, wakiwamo walioandika kuhusu kampuni za biashara. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo na kuamriwa kulipa faini ya Sh3 milioni au kwenda jela mwaka mmoja. Mchangiaji anayejua habari hiyo, akiona kampuni inauliza kwa upole "mkuu, ulinunua duka gani?", ana haki ya kunyamaza.

Kumbi zenyewe nazo hazina uhakika wa kuwapo kesho. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya, David Kobia aliufunga ukumbi wake wa Mashada baada ya kufurika ujumbe wa chuki. Juni 2018 JamiiForums ilisimamisha huduma kwa muda kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamisha leseni yake kwa siku 90. Mwenye bidhaa aliyetegemea kurudi kusoma wiki ijayo alibaki mikono mitupu. Daftari la kawaida linatosha kwa tahadhari hiyo: tarehe, lalamiko kwa maneno ya mteja bila jina lake, idadi ya waliolirudia, na safu ya mwisho iliyoachwa wazi kwa ajili ya kilichobadilishwa kwenye mashine.