Wingu ni Mwavuli, Wingu ni Blanketi

Watu wengi hudhani kwamba usiku wa mawingu ndio wenye baridi kali. Mambo ni kinyume, na mmoja wa waliotuthibitishia hayo ni William Charles Wells, daktari wa London aliyezaliwa Marekani mwaka 1757.

Wells alikuwa msomi, na kwa muda mrefu aliwacheka watunza bustani waliotandaza mikeka myembamba juu ya miche yao msimu wa baridi. Mkeka wa namna hiyo utazuia baridi gani, ilhali hewa inapita chini yake? Hatimaye aliamua kupima. Nyakati za usiku aliweka vipimajoto majanini na vingine hewani. Akaona kwamba usiku ukiwa shwari na mbingu wazi, majani huwa ya baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Mawingu yakitanda, majani hupata joto tena. Akasimika vijiti vinne, akatandaza leso nyepesi juu yake. Majani ya chini ya leso yakawa na joto kuliko yale ya kando. Mwaka 1814 alichapisha kitabu kuhusu umande, na humo akakiri waziwazi kwamba wale watunza bustani walikuwa na haki.

Sababu yenyewe si ngumu. Ardhi hupokea joto la jua mchana, na usiku hulitoa kuelekea juu. Mbingu ikiwa wazi, joto jingi hupotea. Wingu hulipokea na kurudisha sehemu yake chini, kama blanketi. Mchana wingu hilo hilo huwa mwavuli, likatukinga na jua. Ndiyo maana siku ya mawingu, joto la mchana na la usiku hukaribiana.

Nchini Kenya jambo hili si la vitabuni tu. Mwezi Julai mawingu hufunika Nairobi na Limuru, na watu hushinda na masweta. Lakini sakitu, yaani umande ulioganda, iliyounguza chai ya Kericho na Nandi mwaka 2012 haikuja Julai. Ilikuja Januari, mwezi wa jua, wakati ambapo usiku huwa hauna blanketi.

Basi mkulima anayefunika kitalu chake kwa nyasi jioni ya Januari anafanya lile lile la Wells na leso yake. Huenda hajawahi kulisikia jina lake. Sisi tuliosoma tusimcheke. Tumwulize kwanza anajua nini.