Usione Wembamba wa Reli: Bondia Anapopanda Uzito

Wapenzi wa ngumi huku kwetu Mpanda wana ubishi wao usioisha. Bondia akitangaza kwamba anapanda uzito, kijiwe hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza linasema: safi sana, kilo zikiongezeka na konde linaongezeka. Fungu la pili linasema: huyo kaenda kujiua, wakubwa watamvunja mbavu. Kila fungu lina mifano yake, na chai inapoa hakuna aliyeshinda.

Mimi nasema mafungu yote mawili yana kosa moja. Yote yanatazama mizani. Ukiisoma historia ya ngumi za Afrika Mashariki utaona kwamba anayefanikiwa juu ni yule ambaye mwili wake ulishahama zamani, na ambaye tangu mwanzo silaha yake haikuwa uzito. Mizani ni karani tu. Inaandika jambo ambalo limeshatokea.

Tuanze na wa kwetu. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Edinburgh, Mtanzania Titus Simba alipenya mpaka fainali ya uzito wa kati, yaani kilo 75. Akamkuta kijana wa Liverpool mwenye miaka 19, John Conteh. Simba akashindwa, akarudi na medali ya fedha. Hiyo si aibu, maana angalia Conteh alikwenda wapi. Alipoanza ngumi za kulipwa alipambana kwanza na watu wa uzito wa juu, akaona huko sipo, akashuka kidogo mpaka kilo 79. Tarehe 1 Oktoba 1974, ukumbini Wembley, akampiga Jorge Ahumada wa Argentina kwa pointi, akawa bingwa wa dunia wa WBC. Hakurudi tena kilo 75 alikomkuta Simba, wala hakung'ang'ania kule juu kabisa. Miaka 19 mwili ulikuwa bado unakua. Alichofanya ni kuutafuta mahali ulipotaka kukaa.

Lakini mwalimu mkuu wa somo hili ni Mganda, Ayub Kalule. Fuata kilo zake, ndugu msomaji. Mapema mwaka 1974, Christchurch, New Zealand: dhahabu ya Jumuiya ya Madola, kilo 60. Agosti mwaka huohuo, Havana, Cuba, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa: dhahabu tena, sasa kilo 63.5. Miezi saba tu, uzito mwingine, matokeo yaleyale. Oktoba 1979, akiwa ameshahamia Denmark kupigana ngumi za kulipwa, alikwenda Akita nchini Japani akamshinda Masashi Kudo kwa pointi, raundi 15, akatwaa ubingwa wa dunia wa WBA wa kilo 69.85. Na mwaka 1985, wengi wakisema mzee kaisha, akachukua ubingwa wa Ulaya katika uzito wa kati.

Je, Kalule alikuwa na konde la kuua? Wapo waliokuwa nalo zaidi yake. Alikuwa anapigana kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukitangulia kumsumbua mpinzani, miguu haitulii, na pumzi za kumaliza raundi 15. Vitu hivyo havipimwi kwa kilo. Ukiwa navyo kwenye kilo 60 unahama navyo.

Hapa pana kisa ambacho kila kijana wa Afrika Mashariki anapaswa kukijua. Mwaka 1976 kulikuwa na Olimpiki Montreal. Kalule alikuwa ndiye bingwa wa dunia wa kilo 63.5. Lakini nchi nyingi za Afrika zilisusa, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Ilikuwa haki kususa. Makaburu hawakustahili wageni. Ila gharama ililipwa na vijana. Dhahabu ya kilo 63.5 kule Montreal ilichukuliwa na Mmarekani, Sugar Ray Leonard. Yeye na Kalule hawakukutana. Mwaka uleule, hata kabla ya michezo hiyo, Kalule alikuwa ameshaingia ngumi za kulipwa.

Walikuja kukutana tarehe 25 Juni 1981, Houston. Wote wawili wa zamani wa kilo 63.5, sasa wanagombea mkanda wa kilo 69.85. Kalule alikuwa hajapoteza pambano hata moja la kulipwa, ushindi 36. Leonard alikuwa bingwa wa uzito wa chini yake, welta, amepanda kwa ajili ya usiku ule tu. Fungu la pili la kijiwe lingesema Leonard kajipeleka. Raundi ya tisa Kalule akaanguka, na refa akamaliza mchezo. Mpandaji kapigwa na mpandaji mwenzake! Mkononi mwa Leonard palikuwa na kasi, na kasi ilikuja nayo juu bila kupungua.

Mwaka uliofuata Kalule alijaribu kuurudisha mkanda kwa Davey Moore, akashindwa. Moore naye, Juni 1983, akachapwa na Roberto Durán wa Panama, mtu aliyeanza kuitawala dunia mwaka 1972 akiwa na kilo 61. Durán hakuwa mrefu. Alikuwa anajua kukaa karibu, kukwepa kwa inchi moja, na kupiga tumbo.

Sasa tutazame upande wa pili, tusije tukajidanganya. John Mugabi, Mganda mwingine, alipata fedha ya kilo 67 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wazungu walimwita Mnyama, na walikuwa na sababu: mpaka Machi 1986 hapakuwa na mpinzani wake wa kulipwa aliyesikia kengele ya mwisho akiwa wima. Tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, akapanda kumfuata Marvin Hagler katika uzito wa kati. Walipigana vita ya kweli. Makonde yaliyowalaza wengine Hagler aliyapokea, akajibu. Raundi ya 11 Mugabi akakaa chini. Ubingwa wa dunia alikuja kuupata Julai 1989, baada ya kurudi kilo 69.85, René Jacquot alipoteguka mguu raundi ya kwanza. Akapanda tena mwaka 1991 huko London, na Gerald McClellan akamlaza raundi ya kwanza. Kusema kweli wakati huo alikuwa ameshachoka. Terry Norris alikuwa amemfanya hivyohivyo mwaka 1990, tena kwenye uzito wake mwenyewe. Lakini somo la usiku wa Hagler linabaki palepale. Kama silaha yako kuu ni konde moja zito, ukipanda unakutana na watu wanaolizoea.

Basi siri ni nini? Naiona katika sehemu mbili.

Kwanza, kuna bondia ambaye chini alikuwa anateseka. Anakimbia juani na makoti mawili, hanywi maji, hali, ili mizani imkubali. Anaingia ulingoni mwili umekauka na misuli imelegea, na kichwa kilichokauka hakivumilii konde. Huyu akipanda haongezi kitu. Anaacha tu kujipunguza. Watu wanashangaa nguvu mpya kumbe ni chakula na maji.

Pili, ni lazima awe na kitu kisichopimwa: kasi, miguu, macho, pumzi, akili. Manny Pacquiao wa Ufilipino alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 50.8 mwaka 1998. Mwaka 2010 akamshinda Antonio Margarito kwa mkanda wa kilo 69.85, na kwenye mizani yeye mwenyewe alikuwa na kilo 65.6 tu. Hakujijaza ugali ili afanane na Margarito. Alibaki mwepesi, akamzunguka mpaka uso ukamvimba.

Kidevu, ndugu zangu, hakinenepi. Mwili ukiongezeka kilo tano, taya ni lilelile. Anayepanda kwa kula tu anabeba mzigo, na mzigo unataka pumzi. Kuli wa stesheni anaweza kubeba gunia la kilo 100, lakini hiyo haimfanyi bondia.

Nayaandika haya kwa sababu katika miji midogo kama wetu mtu anaweza kupandishwa kwa sababu tu hakuna mpinzani wa uzito wake. Promota anataka pambano, kijana anataka nauli, na kilo tano zinaonekana si kitu. Kabla hujakubali, jiulize maswali mawili. Je, mwili wangu umeshahama, au ninausukuma? Na nikinyang'anywa konde langu zito, nabaki na nini?

Reli inayokuja kwetu kutoka Kaliua ina upana wa mita moja tu. Wahenga wa mjini walishasema, usione wembamba wa reli, treni inapita. Ila inapita kwa sababu chini yake mataruma yamepangwa sawasawa. Bondia asiye na mataruma, hata umpe kilo ngapi, atazama.