Futi 5,000 Nairobi Ni Chini ya Ardhi

Wengi wetu tunaamini ndege huanguka kwa sababu ya dhoruba ama injini kufa. Historia ya Embakasi inasema vingine. Mwaka 1974, ndani ya miezi mitatu tu, Boeing 747 mbili zilipata balaa pale, na zote injini zilikuwa sawa.

Ya kwanza ni 3 Septemba. Jumbo ya British Airways ilikuwa inakuja Nairobi, ikaruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakaelewa futi 5,000, wakaiseti hivyo. Sasa shika hii: altimita ikisetiwa hivyo husoma urefu kutoka usawa wa bahari, sio kutoka ardhini. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300. Hata hapa kwetu, futi 5,000 ni chini ya Ziwa Nakuru, sembuse Milimani. Yaani ndege ilikuwa imeambiwa iingie udongoni, na ilikuwa inatii. Ilibaki kama futi 70 igonge ndio ikapandishwa. Hakuna aliyekufa, na ndio maana ni wachache wanaoikumbuka.

Ya pili ni 20 Novemba. Lufthansa 540, kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg, iliondoka Nairobi asubuhi na watu 157. Mbele ya mabawa ya 747 kuna vipande vinavyofunguliwa wakati wa kupaa, ili bawa liweze kubeba uzito hata kabla mwendo haujawa mkubwa. Vinasukumwa na hewa ya kutoka kwa injini. Siku hiyo vali za hewa zilikuwa zimefungwa, vipande havikufunguka, na orodha ya ukaguzi ilisomwa bila kosa kunaswa. Ndege iliinuka kidogo tu, ikaanguka. Watu 59 walikufa, 98 wakapona. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu.

Utasikia mtu akisema, "Ni uzembe wa injinia, basi." Mimi nakataa kuishia hapo. Uchunguzi ulitaja kasoro ya ukaguzi, ndio, lakini ulitaja pia kwamba hakukuwa na kengele ya kuwaonya marubani. Na kosa kama hilo lilikuwa limeshatokea kwingine bila ajali. Onyo liliongezwa baada ya mazishi.

Orodha ya ukaguzi haikuandikiwa wajinga. Iliandikiwa wataalamu, kwa sababu aliyezoea kazi ndiye hujibu "sawa" kabla jicho halijafika. Lakini hata nidhamu hiyo inahitaji mashine itakayopiga kelele jicho likikosa.

Kila lori likianguka Salgaa, swali letu la kwanza ni dereva alikuwa nani. Swali zuri. Tuongeze la pili: aliyekagua breki alizigusa, ama aliweka tiki tu?