Aliyeshindwa asiondoke: Njia ya kuwakuza wachezaji wa gemu za mapigano

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mabanda mengi ya gemu kuna sheria moja inayofahamika bila kuandikwa ukutani: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anaachia pedi. Sheria hiyo ni rahisi, inamwingizia mwenye banda fedha na inanogesha ushindani. Hata hivyo, kwa jamii inayotaka kutoa mchezaji wa kwenda kushindana nje ya mtaa wake, ni sheria inayoua vipaji taratibu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukulie vijana 6 wa Kang'ata, wilayani Handeni mkoani Tanga, wamekusanyika jioni moja na kucheza mechi 30 za Tekken. Kila mechi ina nafasi mbili, hivyo jumla ni nafasi 60. Ikiwa bingwa wao hafungwi, yeye peke yake anacheza mechi zote 30, na wenzake 5 wanagawana nafasi 30 zilizobaki, yaani wastani wa mechi 6 kwa kila mmoja. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayepata machache.

Vijana hao hao wakiamua kwamba kila mmoja acheze na kila mwenzake mara mbili, mechi zinabaki kuwa 30, lakini kila kijana anacheza 10. Bingwa anapunguziwa mechi, ila baada ya muda anapata kitu ambacho sheria ya zamani haikumpa: wapinzani wanaoweza kumtoa jasho.

Mchezo wa maarifa

Gemu za mapigano ni zile ambazo wachezaji wawili huchagua kila mmoja mpiganaji wake na kushindana kumaliza nguvu za mwenzake kwenye skrini. Zinazojulikana zaidi ni Street Fighter, iliyoanza mwaka 1987, Mortal Kombat ya mwaka 1992 na Tekken ya mwaka 1994.

Wengi hudhani mshindi ni yule mwenye vidole vyepesi. Wepesi unasaidia, lakini kinachoamua mechi za ngazi ya juu ni maarifa. Gemu hizi huchora picha 60 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Kila pigo lina idadi yake ya fremu kabla halijamfikia mpinzani, na idadi ya fremu ambazo aliyelitupa hubaki wazi endapo limezuiwa.

Katika Tekken, ngumi nyepesi ya haraka huchukua fremu 10. Maana yake ni kwamba mpinzani akitupa pigo zito, ukalizuia, naye akabaki nyuma yako kwa fremu 10 au zaidi, ngumi yako itampata kabla hajajikinga, ilimradi yuko karibu. Akibaki nyuma kwa fremu 15, wapiganaji wengi wana pigo la kumrusha hewani na kumwongezea mengine kabla hajatua. Asiyejua hesabu hiyo hulizuia pigo lile lile mara 100 bila kumwadhibu mpinzani hata mara moja, kisha huondoka akiamini kuwa mwenzake ana bahati.

Hapa ndipo jamii inapohitajika. Wapiganaji ni wengi na kila mmoja ana mapigo mengi. Mtu mmoja hawezi kuyajua yote kwa haraka. Vijana 6 wakigawana, kila mmoja akamsoma mpiganaji mmoja kwa undani na kuwafundisha wenzake, kundi zima hupata kwa mwezi kile ambacho mmoja angekitafuta kwa mwaka.

Somo la Pakistan

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Pakistan. Februari 2019, Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, kijana wa Lahore ambaye wachezaji wengi duniani hawakumfahamu, alifika Japani baada ya safari iliyojaa usumbufu, akatwaa ubingwa wa Tekken 7 katika mashindano ya EVO Japan. Agosti mwaka huo alishinda EVO ya Las Vegas, Marekani, kwa kumfunga katika fainali Mkorea Bae Jae-min, maarufu kama Knee. Alirudia ushindi wa Las Vegas mwaka 2023 na mwaka 2024.

Baada ya ushindi wake wa kwanza, Arslan alieleza kwamba nyumbani kwao walikuwapo wengine wenye uwezo kama wake. Knee alifunga safari hadi Pakistan mwaka 2019 kufanya mazoezi na vijana hao, na akakuta maneno yale hayakuwa majigambo. Mpakistani mwingine, Atif Butt, alithibitisha hilo aliposhinda fainali za dunia za Tekken za msimu wa 2022, zilizofanyika Amsterdam, Uholanzi, Februari 2023.

Vijana wa Lahore walikomaa kwa kukaa bega kwa bega katika kumbi za gemu za mitaani, wakifungana na kufundishana kwa miaka mingi kabla dunia haijawaona.

Majirani zetu

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Kenya imeonyesha kuwa mlango upo. Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken wa Nairobi anayetumia jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya XiT Woundz mwaka 2018 huku akiwa mwanafunzi wa sheria. Brian Diang'a, aliyekulia Kibera, amejijengea jina katika Mortal Kombat.

Habari ya Gathoni ina funzo la ziada kwa wenye mabanda. Banda ambalo msichana hawezi kuingia bila kuzomewa limejinyima nusu ya wachezaji wake kabla mazoezi hayajaanza.

Umri nao si kikwazo. Kim Gwan-woo wa Korea Kusini alikuwa na miaka 44 aliposhinda medali ya dhahabu ya Street Fighter V katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023.

Hatua za kuanzia

Jamii ndogo inaweza kuanza na mambo matano ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, itengwe jioni moja kwa wiki ambayo sheria ya aliyeshindwa kuondoka haitumiki. Wachezaji wachangie kwa saa badala ya kwa mechi, ili mwenye banda asipate hasara na anayejifunza asiadhibiwe kwa kufungwa.

Pili, aliyeshinda awe na wajibu wa kueleza. Kabla ya mechi nyingine, aliyefungwa aulize swali moja: ni pigo gani limenimaliza, na nilipaswa kufanya nini? Anayeficha siri zake hubaki bingwa wa mtaa mmoja.

Tatu, zichezwe mechi ndefu, kwa mfano ya kwanza kufikisha ushindi 10. Mechi moja inaweza kuamuliwa na kubahatisha. Kumi humlazimisha mchezaji kubadili mbinu katikati ya vita.

Nne, mechi zirekodiwe. Simu ikielekezwa kwenye skrini inatosha. Gemu mpya zina msaada zaidi: Street Fighter 6 ya mwaka 2023 huonyesha fremu katika sehemu ya mazoezi, na Tekken 8 ya mwaka 2024 humruhusu mchezaji kuingia katika marudio ya mechi yake na kujaribu jibu jingine. Hata matoleo ya zamani yana sehemu ya mazoezi, ingawa katika banda la kulipia ni wachache wanaoifungua.

Tano, yaandaliwe mashindano ya kila mwezi kwa mfumo wa mtoano wa mara mbili, ambapo mchezaji hutolewa baada ya kufungwa mara 2. Ndio mfumo unaotumika EVO. Kwa wachezaji 8 huhitajika mechi 14 au 15, idadi inayomalizika kwa alasiri moja.

Umbali na mtandao

Kufungana wenyewe kwa wenyewe kuna kikomo, kwani kundi huzoea mbinu zake. Wapo watakaosema dawa ni kucheza kwa intaneti. Inasaidia, lakini umbali una gharama yake: mawimbi yakichelewa kwa milisekunde 150, hizo ni fremu 9, karibu sawa na muda wote wa ngumi nyepesi ya Tekken. Ukichanganya na gharama ya bando na umeme unaokatika, mtandao unabaki kuwa nyongeza.

Jirani wa karibu ana thamani zaidi. Barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni ina urefu wa kilomita 65 tu. Vijana wa Kang'ata wakishafika Handeni mjini, wanaweza kwenda Korogwe, wakacheza na kurudi siku hiyo hiyo, na mwezi unaofuata wakawa wenyeji.

Tahadhari kwa wazazi na wenye mabanda

Ipo hofu ya wazazi ambayo haipaswi kupuuzwa. Mwanafunzi hana sababu ya kuwa bandani saa za masomo, na banda linalomfungia mlango saa hizo linajijengea heshima kwa mzazi wake. Aidha, zawadi ya mashindano isigeuke dau. Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki. Daftari la michango na kikombe kwa mshindi vinatosha.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bingwa wa kesho wa Kang'ata huenda ndiye anayefungwa leo, akasimama nyuma ya kiti akisubiri zamu isiyofika. Kumrudishia pedi mkononi hakugharimu chochote.