Taa Zikififia Kila Besi Ikidunda, Usikimbilie Betri

Majuzi nilipanda matatu ya mwisho kutoka Voi kwenda Mwanda. Tulipoipita Wundanyi giza lilikuwa limeingia, ukungu umeshuka, na kila besi ikidunda taa za mbele zilififia. Kwenye kona zile za milimani, wallahi, nilisoma dua zote nizijuazo.

"Nimeshabadilisha betri tatu, mzee," dereva akanieleza. "Nimechoka."

Mimi nilisomea umeme kabla ya kushika kalamu, kwa hivyo asubuhi tulifungua boneti na mita ndogo. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta huipandisha hadi 13.8 au 14.4. Washa taa na muziki kwa pamoja: ikianguka chini ya 12.6, altaneta imezidiwa au mkanda wake unateleza, na sasa betri ndiyo inayolisha muziki. Si ajabu. Wati 1000 kwa volti 14 ni ampea 71, bado joto ambalo amplifaya inapoteza.

Yake ilibaki 13.5. Altaneta ilikuwa salama, basi umeme ulikuwa ukipotea njiani. Nikashika ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi, muziki ukiwa juu: volti 0.9! Hapo hata nusu volti ni nyingi mno. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, ikashuka hadi 0.1. Kuna fundi alitaka kumuuzia kapasita. Kapasita haizalishi umeme, yakhe.

Na zile betri? Aliziua mwenyewe kwa kupiga muziki stejini injini ikiwa imezimwa. Betri ya kuwashia gari haipendi kukaushwa.

Lililonitisha zaidi ni waya mkuu wa amplifaya, uliopita chini ya miguu ya abiria bila fyuzi karibu na betri. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya hailindi waya huo. Ukichunika na kugusa bodi, ni moto. Fyuzi ikae ndani ya nusu mita kutoka betri. Hilo nilikataa kuondoka kabla halijafanywa.

Jumapili usiku nilirudi Voi na gari lile lile. Taa hazikutikisika. Besi bado ilinizidi masikio, lakini hilo ni shauri la kondakta.