Homa ya Mafua ya 1918 katika Tanganyika ya Kati

Homa ya mafua ya 1918 ni maradhi ya kuambukiza yaliyoenea ulimwenguni baina ya 1918 na 1920, yakiletwa na virusi vya aina ya H1N1, na ambayo kwa makadirio ya wataalamu wengi yaliangamiza watu wapatao milioni 50. Afrika Mashariki yaliingia kwa bandari ya Mombasa mnamo Septemba 1918, kisha yakafuata reli, askari na wapagazi wa Vita Kuu hadi bara.

Katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida, ambako Reli ya Kati hupita Manyoni na Itigi, maradhi hayo yaliwakuta Wagogo wamekwisha dhoofishwa na njaa kuu iitwayo Mtunya (1917–1920), iliyotokana na ukame na vilevile na majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa upagazi.

Mgonjwa alishikwa ghafla na homa kali, maumivu ya viungo na kikohozi. Aliyezidiwa, mapafu yalijaa majimaji, midomo ikageuka samawati, akafariki kwa siku chache. Kinyume cha mafua ya kawaida, ambayo aghalabu huua wazee na watoto wachanga, haya yaliwafisha hasa vijana wenye nguvu za kushika jembe. Vifo vya Tanganyika nzima vimekadiriwa kuwa baina ya 50,000 na 80,000.