Joto la mtaa: kutoka Lockport hadi Laini Saba

Haya wasomaji, leo tuiache kompyuta kidogo tuongee juu ya moto. Kwa nini kila chumba Kibera na Kawangware kiwe na jiko lake la makaa au stovu yake ya mafuta ya taa, na moshi wake? Sisi waandika programu tungesema: weka seva moja, wote waunganishwe.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1877 Birdsill Holly alianza kusambaza mvuke kwa mabomba kutoka boila moja hadi nyumba za Lockport, Marekani. Tatizo ni kwamba joto hupotea njiani, kwa hiyo bomba lazima lifunikwe vizuri na kuchimbiwa. Sasa, Kibera ardhi imegombaniwa tangu Wanubi wa King's African Rifles walipowekwa pale na Waingereza. Nani atachimba mtaro, na kwa ruhusa ya nani?

Basi Laini Saba mambo yakageuzwa: watu walifuate joto. Kabla ya 2010, msanifu majengo Jim Archer na wenzake wa Planning Systems Services walijenga Jiko ya Jamii (ndivyo linavyoitwa, msinilaumu kwa sarufi). Unaleta takataka, unapika. Ili moto uwe mkali, matone ya maji na oili chafu ya magari yalidondoshwa juu ya bamba la chuma lenye moto. Umande Trust nao wakajenga vyoo vya umma vyenye shimo la kuozesha kinyesi chini yake, na gesi ikapikia jiko la pamoja.

Ufundi safi kabisa. Lakini uji wa mtoto saa kumi na moja alfajiri, mama aende kuupika huko gizani? Kwa maoni yangu kilichoshinda majiko haya ni hatua za miguu.

Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yake, kisha ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Ndipo mitungi ya gesi yenye mita ikapata soko: unalipa shilingi chache kwa simu, vali inafunguka, unapikia chumbani mwako. Kazi ya bomba la Holly ikafanywa na mtandao wa simu, bila mtaro hata mmoja.

Ila gesi hiyo huja kwa meli hadi Mombasa. Takataka za Laini Saba ziko palepale mlangoni.